Mfano Hauna Cheo

Mfano, kwa maana iliyozoeleka, ni kitu kimoja kinachotolewa ili kanuni ya jumla ieleweke, na maana hiyo inatosha hapa. Kisichovumilika ni hukumu iliyopitishwa hivi karibuni katika darasa moja la isimu mjini Bunia, mkoani Ituri. Silabusi, yaani kitini cha mwalimu kinachorithishwa kwa fotokopi kutoka promosheni hadi promosheni, inafundisha kwamba kila silabi hujengwa juu ya irabu, na mifano yake yote ni ya Kifaransa. Mwanafunzi alipotamka neno la Kilendu linalosikika kama z ndefu yenye toni, wenzake walicheka, wakasema mfano ni mfano tu.

Kauli hiyo inadai kwamba, ikiwa kanuni ni ya lugha zote, lugha yoyote yafaa kuitolea ushahidi, basi Kifaransa kinatosha. Lakini kama mifano ingekuwa sawa kweli, kubadilisha mmoja kwa mwingine kusingemchekesha mtu. Kicheko chenyewe kinafichua kwamba wanaocheka wamekwisha kuipanga kwa vyeo. Tena, kanuni inayosema “kila” haithibitishwi na mifano inayokubaliana nayo, hata ikifika elfu, ilhali mmoja tu unaoikataa unatosha kuitikisa. Na shahidi huyo, yaani Kilendu, anaishi Djugu, kaskazini mwa Bunia, wala si mgeni kwa wataalamu, kwani mwaka 1989 Constance Kutsch Lojenga alichapisha makala kuhusu silabi zisizo na irabu za Kilendu. Kumfukuza kwa sababu ametoka nyumbani kunaifanya isimu kuwa somo la kukariri. Ni kweli kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi ya nchi, na kwamba hakuna mwalimu anayejua lugha zote za Ituri, lakini hayo hayahalalishi kumcheka shahidi.

Wala neno hilo halidharauliki kwa kuwa limetoka kwa mwanafunzi na si kwenye silabusi: daftari ya mwanafunzi ina heshima kubwa katika taaluma hii. Kitabu cha Ferdinand de Saussure, kinachohesabiwa kuwa msingi wa isimu ya kisasa, hakikuandikwa na yeye: alifariki mwaka 1913, na Charles Bally na Albert Sechehaye wakakitunga kutokana na daftari za wanafunzi wa Geneva, wakakichapisha mwaka 1916. Daftari hizo hizo, zilipolinganishwa na kitabu baadaye, zilionyesha wapi wahariri walitia mkono wao.

Hata hivyo, kuliingiza neno la Kilendu katika silabusi hakumalizi ugomvi. Ikionekana kwamba nyuma ya sauti hizo imejificha irabu, shahidi atakuwa amehamia upande wa kanuni. Je, haki yake ya kusikilizwa ilitegemea kushinda? Na mzungumzaji wa Kialur au Kibira, ambaye pengine lugha yake haipingi kanuni yoyote ya silabusi hiyo, atadai nafasi kwa hoja gani?