KUFICHA MARADHI NA KUMTENGA MGONJWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mauti na uhai na akajaalia kwa kila ugonjwa dawa, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya haya. Katika mwaka 2020, sawa na miaka 1441 na 1442 ya Hijra, Mwenyezi Mungu aliwatahini waja wake kwa maradhi ya korona. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya la Dunia lilitangaza kwamba maradhi hayo yameenea ulimwengu mzima. Tarehe 13 ya mwezi huo huo akapatikana mgonjwa wa kwanza Kenya, na tarehe 16 wa kwanza Tanzania. Umra ilikuwa imekwisha simamishwa, na Hija ya mwaka ule haikuhudhuriwa ila na watu wachache waliokuwa ndani ya Saudia yenyewe. Tarehe 5 Mei 2023 ikatangazwa kwamba ile hali ya hatari imekwisha, na waliokufa na kuandikwa katika daftari za dunia wakakaribia milioni 7.

Msiba ukipita, watu hupenda kuusahau. Lakini mwenye akili huutazama nyuma ajue alipokosea, kwani wabaa haukuanza na korona wala hautakoma nayo. Na katika miji ya pwani yalidhihiri mambo mawili mabaya: kuficha maradhi, na kumtenga mgonjwa na watu wa nyumba yake. Wengi waliyalaumu haya kama kwamba ni makosa mbalimbali ya watu mbalimbali. Sivyo. Mawili haya ni kama kuku na yai. Kila moja huzaliwa na mwenziwe.

Maradhi yalipokuwa bado mbali, barazani palisemwa mengi. Wako waliosema ni maradhi ya wageni na ya wapandao ndege. Wako waliosema kwamba anayetawadha mara tano kwa siku hayampati. Wako waliotumiana khabari kwa simu usiku na mchana, kila mmoja akimpelekea mwenziwe dawa asiyoijua asili yake. Na wako waliosema kwamba kujihadhari ni upungufu wa imani, kwani lililoandikwa halifutiki.

Neno hili la mwisho ndilo la kujibiwa, kwa sababu limevaa nguo ya dini. Na jawabu yake ilikwisha tolewa zamani na mbora kuliko wote waliolisema. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa safarini kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh akapewa khabari kwamba tauni imeingia huko. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, wakakhitalifiana. Akawataka shauri wazee wa Kikureshi, hao wakawa na neno moja, kwamba arudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza je, ni kuikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu kwamba ni kutoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una malisho na wa pili ni mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf (R.A.) akapokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba tauni ikisikiwa katika nchi isiingiwe, na ikitokea katika nchi mtu aliyomo asitoke kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mungu, akarudi. Abu Ubaida mwenyewe alikufa katika tauni ile ya Amwas mwaka 18 wa Hijra, na baada yake Muadh bin Jabal. Kisha Amr bin Al-As akawaamrisha watu watawanyike milimani, mpaka Mwenyezi Mungu akawaondolea. Je, yuko wa barazani mwenye imani kuliko hawa?

Na katika wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, Imamu Ibn Hajar Al-Asqalani alitunga kitabu kizima juu ya tauni, naye alikuwa ameonja uchungu wake, kwani wanawe wa kike watatu walikufa kwa tauni. Alieleza kwamba mwaka 833 wa Hijra watu wa Kairo, walipokuwa wakifa chini ya arubaini kwa siku, walifunga siku tatu kisha wakatoka jangwani kwa pamoja kuomba. Mwezi ule haukwisha ila wanaokufa kwa siku walipita elfu. Hakuyasema haya kwa kuidharau dua. Aliyasema kubainisha kwamba mkusanyiko ule haukuwa na asili kwa waliotangulia. Dua ina mahali pake, na kila mmoja aweza kuomba nyumbani kwake, na Msikizi ni yule yule.

Kwa hiyo misikiti ilipofungwa Kenya mwezi wa Machi 2020, huzuni ya watu ilikuwa ya haki, lakini sheria ilikuwa imekwisha ipatia njia. Vitabu vya fiqhi vimetaja mvua kubwa, na maradhi, na khofu ya nafsi, kuwa ni udhuru wa kuacha Ijumaa na jamaa. Asiyeweza kwenda Ijumaa husali Adhuhuri. Waliojikusanya watu wanane kwa siri katika chumba wakahutubu na kusali rakaa mbili, hawakupata Ijumaa, kwani madhehebu yashuruti watu arubaini. Na salama waliihatirisha. Na Idi ya tarehe 24 Mei 2020, aliyeisali na ahali zake sebuleni aliipata suna yake kamili.

Haya yalikuwa mepesi. Mazito yalikuwa ndani ya nyumba.

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali iliufunga Mji wa Kale wa Mombasa: hapana kuingia, hapana kutoka. Ajuaye mji ule ajua vichochoro vyake, na nyumba ambazo babu, mtoto na mjukuu hulala chini ya dari moja. Mtu akikohoa ghorofani, jirani wa ng'ambo amsikia. Na hapo ndipo ilipoingia khofu tatu.

Khofu ya kwanza ilikuwa ya gharama. Katika siku za mwanzo, aliyetiwa karantini Kenya alitakiwa alipe mwenyewe, na maskini wa Mungu akaona kwamba akipimwa ameifilisi nyumba. Khofu hii ilikuwa na sababu, na sababu hiyo iliondolewa mwezi ule ule wa Mei, serikali ilipokubali kuchukua gharama.

Khofu ya pili ilikuwa ya maiti. Mtu alichelea kwamba baba yake akifa hospitali atazikwa pasi na kuoshwa wala kusaliwa. Sheria imeliwekea hili mlango: maiti ambaye kumwosha kwa maji kwaleta madhara hutayamamiwa, hukafiniwa, husaliwa na kuzikwa. Na aliye mji mwingine asiyeweza kufika husali sala ya maiti wa ghaibu, nayo ni sahihi kwa Mashafi. Na anayekufa katika wabaa akiwa na subira na kutaraji thawabu, yatarajiwa kwa fadhila za Mungu apate daraja ya mashahidi wa akhera, na hao huoshwa na kusaliwa kama maiti wengine. Kwa hiyo kufa kwa maradhi haya hakukuwa fedheha hata kidogo.

Khofu ya tatu haikuwa na fatwa ya kuiondoa, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa: khofu ya ndimi za watu. Mtu hakuogopa sana kufa kama alivyoogopa kuonekana gari la wagonjwa mlangoni pake. Alijua kwamba kabla ya magharibi jina lake litakuwa limezunguka mtaa mzima. Duka lake halitanunuliwa kitu. Binti yake aliyeposwa huenda posa ikarudishwa. Na watoto wake watanyoshewa vidole. Basi akaona kheri anyamaze. Mzee akapewa tangawizi na ndimu, mlango ukafungwa, na kila aliyeuliza akaambiwa kwamba ni homa ya mafua. Na jirani, asiyejua kitu, akaingia kumzuru kwa nia njema, akaketi karibu, akampa mkono, akarudi kwa mama yake mkongwe.

Aliyeficha amekosa, na hapana shaka. Mtume (S.A.W.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka kwa mwenye ngamia wazima, na ikiwa hii ndiyo haki ya ngamia, haki ya mwana wa Adamu ni ipi? Na kanuni mashuhuri ya fiqhi ni kwamba hapana kujidhuru wala kudhuriana. Ajuaye kwamba ana maradhi ya kuambukiza kisha akachanganyika na watu, ameivunja amana ya roho zao.

Lakini na aulizwe pia yule wa barazani: ni nani aliyemfundisha mwenzio kuficha? Ni wewe. Ulipomsema wa kwanza, wa pili alikuwa akisikiliza, akaazimu kwamba yeye hatajulikana. Kila neno la kejeli lililotoka juu ya mgonjwa mmoja liliwafungia milango wagonjwa kumi, na katika hao kumi yuko aliyemwambukiza mtu wako mwenyewe. Mwenye kumwaibisha mgonjwa ana fungu lake katika dhambi ya kuficha, na ana fungu lake katika waliokufa kwa kufichwa huko, ijapokuwa hakuwagusa kwa mkono.

Na pengine atasema: Je, si lazima watu waonywe? Naam, ni lazima. Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya Mashafi, ametaja sababu sita ambazo kwazo kumtaja mtu nyuma yake huruhusiwa, na moja katika hizo ni kuwahadharisha Waislamu na shari. Lakini kuna kuonya na kuna kutangaza. Kuonya ni kumwendea yule aliyeketi na mgonjwa, kwa siri na kwa upole, kumwambia ajiangalie na apimwe, na hapo maneno yakakoma. Kutangaza ni kulipeleka jina kwa mia wasiohusika, ili wapate la kuzungumza na kahawa. La kwanza ni nasaha, na la pili ni kusengenya, hata likitumwa kwa simu na kuanzwa kwa salamu.

Vile vile kuna kujitenga na kuna kutenga. Kujitenga na maradhi ni amri. Kumtenga mwenye maradhi na rehema ni dhuluma. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muta, Mtume (S.A.W.) aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wamefikiwa na la kuwashughulisha. Nyumba yenye karantini nayo imefikiwa na la kuishughulisha. Sahani ya futari yaweza kuwekwa kizingitini, mlango ukabishwa, mwenye kuileta akasimama mbali akatoa salamu; na simu iliyochukua uvumi yaweza kuchukua swali la hujambo. Wako waliofanya hivyo katika Mji wa Kale, na malipo yao yako kwa Mola wao. Na wako waliopita upande wa pili wa njia wakijiziba nyuso, si kwa maradhi, bali wasipate kusalimia.

Yako pia yaliyowaumiza wazee khasa. Misikiti ya Kenya ilipofunguliwa mwezi wa Julai 2020, ruhusa ilikuwa ya watu mia kwa saa moja, na waliozidi umri wa miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Na vyuo vya Kurani vikabaki vimefungwa. Mzee aliyeizoea safu ya kwanza kwa miaka arubaini akabaki kusikiliza adhana dirishani. Na mwana aliyekaa mbali na mamake kwa kumchelea maradhi alidhaniwa kuwa ameasi. Ajue kila mzazi na kila mwana kwamba kumhifadhi mzazi ni katika kumfanyia wema, na kwamba Mtume (S.A.W.) amebashiri kuwa mgonjwa na msafiri huandikiwa ibada waliyokuwa wakiifanya katika afya na makazi yao. Mwenye safu ya kwanza, nia yake ilipokuwa pale, yatarajiwa haikupotea safu yake.

Basi yaliyo wajibu, wabaa mwingine ukija, ni haya. Mwenye kuugua aseme, awaambie aliochanganyika nao, na ajizuie. Mwenye kusikia afunge mdomo wake ila kwa nasaha. Jirani apeleke chakula kabla ya kupeleka swali. Khatibu na mwalimu wawafundishe watu hukumu za udhuru na za maiti kabla ya siku ya haja, maana mtu hajifunzi kuogelea siku ya kuzama. Na kila mwenye nyumba aifanye nyumba yake kuwa mahali ambapo mtu aweza kusema "naumwa" pasi na kuona haya. Kwani mtoto aliyemsikia babake akimcheka mgonjwa wa jirani, siku akiugua yeye hatamwambia.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika wabaa ule, waliojulikana na waliofichwa. Awaponye waliobakiwa na athari zake. Awasamehe walioficha kwa khofu na waliosema kwa ujinga. Na awajaalie Waislamu kuwa ni sitara kwa wao kwa wao. Wa billahi ttaufiq, wa sallallahu ala Sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam. Amin.