Dawa kwa Asiyeumwa

Huulizwa: Je, yafaa kumpa dawa mtu asiyeumwa, ili itazamwe kama itamkinga? Mgonjwa hutafuta afueni; mwenye siha anayo tayari, na huenda akaipoteza.

Swali hili ni zito, wala halijibiwi kwa dhana. Kwa miaka mingi wazee wengi wasio na maradhi ya moyo walimeza aspirini kila siku, wakitumaini kujikinga. Mwaka 2010 matabibu wa Australia na Marekani walianza kuijaribu kwa wazee 19,114 wenye afya, wengi wao wa miaka 70 na zaidi. Yapata nusu walipewa miligramu 100 kila siku. Waliobaki, kidonge mfano wake kisicho na dawa. Huo haukuwa udanganyifu, kwani kila mmoja alielezwa mapema akaridhia.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: aspirini haikuwarefushia maisha yenye akili na viungo vizima, bali walioimeza, 361 walitokwa na damu kwa hatari, na wasioimeza 265.

Zingatia, ndugu msomaji. Madhara hayo hayakuzaliwa na jaribio; yalikuwamo majumbani, ila hayakuwa na wa kuyahesabu. Aliyemeza kwa mazoea alijihatarisha bila ya kumfunza mtu. Hawa walijihatarisha kwa ridhaa, wakatufunza sote.

Aliyeandikiwa aspirini na tabibu wake kwa maradhi ya moyo asiiache kabla ya kumwuliza. Ama asiyeumwa, kumjaribia dawa kwa ridhaa yake ni haki. Kisicho haki ni kumnywesha kwa dhana.