Gari la Silinda Sita na Harufu ya Nyumba



Mwezi huu tuzungumze juu ya gari. Najua ukurasa huu ni wa ndoa, lakini gari nalo huingia katika ndoa, pengine kama mgeni mwema, pengine kama mwizi.

Katika parokia yetu yuko baba mmoja wa miaka 52, ambaye sitamtaja jina. Ni msimamizi kiwandani. Halewi, zaka hutoa, na watoto wake wanne amewasomesha hadi kitindamimba akamaliza chuo. Mwaka 2023 alichukua mkopo katika Sacco ya kazini akanunua gari kuukuu la spoti, BMW 325Ci ya mwaka 2004, yenye milango miwili na silinda sita. Alilipa shilingi 750,000. Tangu ujana wake, alipokuwa akiosha magari ya watu kwa malipo madogo, alikuwa akilitamani gari la namna hiyo.

Jumamosi alasiri aliingia nalo uani akipiga honi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda akipukuchua mahindi.

“Ni la nani?” mama akauliza.

“Ni letu, Mama Njeri.”

“Letu tangu lini?”

Baba hakuwa na jibu. Mama akaendelea kupukuchua mahindi.

Kwa miezi mitano mama hakuligusa gari lile. Jumapili baba alikwenda Misa peke yake ndani ya gari linalong'aa, na mkewe akafika kwa bodaboda, kitambaa kimejaa vumbi. Jumuiya nzima iliona. Vijana wa gereji wana neno lao la magari hayo ya milango miwili, wakiiga Kizungu: huyaita “kupe”. Mama aliposikia alisema jina limefaa kabisa, kwa kuwa kupe kazi yake ni kunyonya damu.

Mwishowe baba alinijia. “Mwalimu,” akasema, “sikuiba. Sikulewa. Sikwenda kwa mwanamke wa nje. Nimefanya kazi miaka 27. Je, nimetenda dhambi kujifurahisha mara moja?”

Hilo ndilo swali letu, ndugu msomaji. Usilijibu haraka, kwa maana laweza kuwa lako kesho, hata kama kwako si gari bali ni seti ya viti, simu ya bei kubwa, au safari ya Mombasa.

Je, starehe yenyewe ni dhambi?

Wako Wakristo wanaodhani Mungu hupendezwa tukinunua jembe na huchukia tukinunua kitu cha kufurahisha moyo. Kanisa halifundishi hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika kwamba roho huchoka kama mwili unavyochoka, na pumziko lake ni furaha. Anasimulia habari ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyeshika upinde apige mshale, kisha apige tena na tena. Halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule mtu akasema upinde ungevunjika. Yohane akajibu kwamba na moyo wa mtu huvunjika vivyo hivyo ukivutwa bila kulegezwa.

Tomaso anakwenda mbali zaidi. Anasema mtu asiyejua kufurahi kamwe, anayewaharibia wengine furaha yao, naye ana kosa. Lakini anaweka mipaka. Mchezo usiwe na uchafu wala madhara, usimfanye mtu apoteze uzito wote wa nafsi yake, nao ulingane na mtu, wakati na mahali.

Nami nikiri jambo. Baba yule alinichukua asubuhi moja tukaenda hadi Gilgil na kurudi. Nilifurahi. Fundi wake alikuwa amenieleza siri ya injini ile. Silinda zimepangwa mstari mmoja, na pistoni huenda mbili mbili: ya kwanza pamoja na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne. Mtikisiko wa jozi moja hufutwa na mwendo wa nyingine, ndiyo maana injini hunguruma bila kutetemeka. Nikiwa katika kiti kile nilielewa kwa nini mtu angekiota miaka 30. Mwanadamu aliyebuni kitu kama hicho alitumia akili aliyopewa na Mungu. Kukifurahia si dhambi.

Na maskini je?

Utaniuliza, “Mwalimu, na wenye njaa?” Swali ni la haki, na anayejidai Mkristo asilikwepe. Karo ikiwa haijalipwa, mzazi mgonjwa akikosa dawa, au mfanyakazi wa nyumbani akidai mshahara wa miezi miwili, basi gari hilo limenunuliwa kwa fedha za watu wengine. Hapo hakuna mjadala.

Lakini kumbuka pia Bethania, katika Injili ya Yohane sura ya 12. Maria alimpaka Yesu miguu kwa marhamu ya nardo safi. Yuda akalalamika kwamba yangeuzwa kwa dinari mia tatu wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hivyo hizo zilikaribia mshahara wa mwaka mzima. Hata hivyo Yesu alimtetea Maria. Kumbe si kila kitu cha gharama ni uovu.

Baba yule aliponisikia nikitaja habari hiyo alitabasamu, akadhani ameshinda kesi. Nikamwambia, “Ngoja, baba. Marhamu yale Maria hakujipaka mwenyewe. Tena Injili inasema nyumba nzima ilijaa harufu yake.”

Hapo ndipo penye kipimo, ndugu msomaji. Starehe ya mtu aliyeoa au kuolewa hupimwa kwa bei, ndiyo, lakini zaidi hupimwa kwa harufu. Je, nyumba nzima imenusia? Au mmoja ameificha chupa mfukoni, akawa anainusa peke yake barabarani?

Kosa lilikuwa wapi?

Nilikwenda kumsikiliza mama. Nilidhani angeniambia habari za fedha. Alisema hivi: “Mwalimu, gari silichukii. Wadhamini wake watatu kule Sacco walijua. Fundi alijua. Rafiki yake aliyelipeleka gereji likaguliwe alijua. Mwaka mzima mume wangu alilala kando yangu akiota furaha, na mimi sikuwamo hata katika ndoto. Angeniambia, huenda ningekataa. Lakini pia huenda ningekubali. Sasa hatutajua kamwe.”

Nilinyamaza, maana sikuwa na la kuongeza.

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Huwezi kujenga ndoa na mtu unayemficha shabaha ya moyo wako. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, uliieleza ndoa kuwa ushirika wa uhai na mapendo. Watu wengi husikia “ushirika” wakafikiria shida tu: tutaugua pamoja, tutalipa karo pamoja, tutazikana. Baba yule alikuwa mwaminifu katika shida zote hizo. Alichoshindwa kushiriki ni furaha. Alidhani shida ni za wawili na furaha ni ya mtu binafsi. Na Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alikumbusha kwamba furaha ya mapendo katika ndoa inahitaji kutunzwa, na kwamba mtu akiitafuta starehe kupita kiasi humfunga, asiweze kuonja furaha nyingine.

Kwa hivyo nilimjibu baba: hukutenda dhambi kwa kupenda gari. Ulikosa kwa kumweka mkeo nje ya mlango, halafu ukamwambia “ni letu”.

Lakini akina mama, msipige vigelegele bado. Nilimwuliza mama kama naye hana chupa mfukoni. Alitazama chini kwa muda, kisha akasema ana akiba katika chama cha wanawake, ya miaka sita, ambayo mumewe haijui. Aliificha kwa kuogopa kwamba baba akiiona angeipangia kazi. Tena ile miezi mitano ya bodaboda na vumbi mbele ya Wakristo wote, nayo ilikuwa hukumu iliyotolewa hadharani. Mtu aweza kumwadhibu mwenzake kwa ukimya vibaya kuliko kwa fimbo.

Kama mmekubaliana kununua

Ikiwa ninyi wawili mmezungumza na mmekubali kitu cha namna hii, basi kinunueni kwa akili. Rahisi huwa ghali.

Kwanza, jueni umri wake. Sheria zetu hazikubali kuingiza nchini gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo gari la mwaka 2004 limekuwa hapa muda mrefu na pengine limepita katika mikono mingi. Hakikisheni kwanza kwa NTSA kwamba muuzaji ndiye mwenye jina katika hati ya umiliki na kwamba benki haina dai juu ya gari hilo.

Pili, mpelekeni fundi anayezijua injini hizo, si jirani anayependa magari. Katika BMW za aina hiyo atazame hasa upozaji wa maji: tangi la plastiki hupasuka kwa uzee, pampu na thamostati huchoka. Injini ikichemka nanyi mkaendelea kwenda, silinda hedi hupinda, na gharama yake ni ya kulia. Atazame pia sakafu ya nyuma mahali inapofungiwa fremu ya ekseli, maana huweza kupasuka.

Tatu, bei ya kununua ni mlango tu. Tengeni fedha za matairi, bima, vipuri na petroli. Mjini gari kama hilo huenda lisifikishe kilomita nane kwa lita.

Nne, injini ya lita 2.5 ina nguvu kuliko hekima ya madereva wengi. Gari hilo hupita kilomita 200 kwa saa, lakini sheria yetu ni 110 barabara kuu na 50 mjini. Mjane haendeshi kumbukumbu.

Walivyofanya hatimaye

Mama alitoa sharti moja. Aliletewa daftari la nyumbani, lile la kuandikia unga na sukari, na baba akaandika humo deni lote la Sacco, miezi 36, kila mwezi na kiasi chake. Chini yake mama akaandika akiba ya chama. Walikaa mezani hadi usiku. Waligombana, nasikia, na kuku wa jirani waliwika kabla hawajamaliza.

Jumapili mbili baadaye mama aliingia ndani ya lile gari, kiti cha mbele, wakaenda Naivasha kumwona dada yake. Nilimwuliza aliporudi ameonaje.

“Kiti ni kizuri,” akasema. “Deni bado ni baya.”

Nadhani hilo ni jibu la ndoa iliyo hai.

Ya kuzungumzia nyumbani

1. Ni furaha gani unayoiota, ambayo mwenzako hajaisikia kutoka kinywani mwako?

2. Je, yuko mtu wa nje anayejua mkopo au akiba yako kabla ya mume au mke wako?

3. Mwenzako akikwambia ndoto yake, je, huwa unamsikiliza hadi mwisho, au unamfanya ajute kusema?

Mungu azibariki nyumba zenu.