Hakukuwa na Mhunzi Israeli: Kwa Kijana Anayetaka Kutengeneza Kompyuta



"Frateri, nimemaliza kidato cha sita, PCM. Nataka kusomea uhandisi wa kompyuta, ule wa kutengeneza mashine yenyewe, siyo programu tu. Mjomba anasema nikae dukani kwake hapa mpakani, maana mpaka unalipa leo, na shahada italipa baada ya miaka minne, kama italipa. Je, Mungu anajali mambo ya chipu na saketi, au hii ni tamaa yangu tu?"

Ujumbe huu nilitumiwa na binti mmoja wa Tunduma. Nimemwomba ruhusa nijibu hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Wengi wenu mna mjomba wa namna hiyo, na tusimdharau: yeye ndiye aliyelipa ada.

Fungua Biblia yako, Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, kuanzia aya ya 19. Ni kipande kidogo ambacho wengi tunakiruka tukikimbilia Daudi na Goliathi. Kinasema kwamba katika nchi yote ya Israeli hapakupatikana mhunzi hata mmoja. Wafilisti walihakikisha hivyo makusudi, wasije Waebrania wakajitengenezea panga na mikuki. Matokeo yake, Mwisraeli akitaka kunoa jembe lake, shoka lake, hata mundu wake, ilimbidi ateremke kwa Wafilisti, na huko akatozwa fedha. Siku ya vita ilipofika, jeshi zima halikuwa na upanga. Wenye upanga walikuwa wawili tu, Sauli na mwanawe Yonathani.

Soma tena taratibu. Taifa la Mungu, lenye agano, lenye sanduku, lenye manabii. Na jembe linanolewa kwa adui.

Sasa toka nje, simama barabarani pale Tunduma. Malori yale yanayotoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam yamebeba nini? Mengi yamebeba shaba, zile bamba nyekundu zilizofungwa kwa mikanda ya chuma. Mengine yamebeba kobalti. Kongo peke yake inachimba zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia. Shaba hiyo ndiyo inayokwenda kuwa njia nyembamba za umeme kwenye bodi ya kompyuta, na kobalti inaingia kwenye betri ya laptopu na ya simu uliyoishika sasa hivi ukisoma haya. Kuna siku foleni inarudi nyuma hadi Mpemba. Halafu, kwenye malori yanayopanda kutoka bandarini, shaba ileile inarudi ikiwa imeshakuwa kompyuta, na sisi tunainunua kwa bei ambayo mjomba anaijua vizuri kuliko mimi. Ikiharibika bodi, fundi anakwambia, "Hii haitengenezeki, nunua nyingine." Tumeteremka kunoa jembe.

(Mtu asije akanielewa vibaya: Wachina na Wakorea si Wafilisti. Hawakutukataza kujifunza. Wao wenyewe miaka michache iliyopita walikuwa wananunua, wakakaa chini wakasoma. Hapo mfano wangu unachechemea, lakini naona unachechemea kwa upande unaotuumiza zaidi sisi.)

Kwa hiyo swali la binti huyu, kama Mungu anajali mambo ya chipu, Maandiko yameligusa zamani. Mwandishi wa Samweli aliona kukosekana kwa fundi ni jambo la kuandikwa katika historia ya wokovu. Na ukirudi nyuma, Kutoka sura ya 31, unamkuta Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Mungu anamwambia Musa kwamba amemjaza mtu huyu roho yake, apate akili na ujuzi wa kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kuchonga mawe na kuchora miti. Si nabii, si kuhani. Ni fundi, na shaba imo kwenye orodha yake. Sura ya 35 inaongeza kwamba alipewa pia moyo wa kufundisha wengine, yeye na mwenzake Oholiabu. Hilo la kufundisha lishike, nitalirudia.

Kuna wenzetu wanaogopa. Nimeshasikia kwenye mikutano ya vijana: chipu ni alama ya mnyama, 666, kompyuta ni mlango wa Freemason. Ndugu yangu, Ufunuo sura ya 13 inazungumzia watu waliokubali kumwabudu mtawala ili waruhusiwe kununua na kuuza. Dhambi ile iko kwenye magoti yaliyopigwa, haiko kwenye silikoni. Silikoni inatokana na mchanga. Mungu alipoumba mchanga aliona ni vyema. Ukitaka kuiogopa alama ya mnyama, iogope pale unapoweza kuuza chochote, hata dhamiri, ili biashara iende. Na hiyo mpakani haihitaji chipu.

Mimi nimesoma falsafa, wala sijui kuchomelea waya. Lakini darasa la kwanza la mantiki seminarini lilinifungua macho kuhusu mashine hizi. Tulifundishwa namna kauli mbili zinavyounganishwa kwa "na", kwa "au", na namna ya kukanusha kwa "si". Mwingereza George Boole, mwaka 1854, alichapisha kitabu kilichoigeuza mantiki hiyo kuwa hesabu. Mwaka 1937 mwanafunzi mmoja wa Marekani, Claude Shannon, akaonyesha katika tasnifu yake kwamba hesabu ya Boole inaweza kufanywa na swichi za umeme. Swichi mbili zikifuatana kwenye waya mmoja, umeme unapita kama hii imefungwa NA ile imefungwa. Zikiwekwa sambamba, unapita kama hii AU ile. Basi. Mwaka 1947 ikaja transista, swichi isiyo na kitu kinachochezacheza, na leo chipu moja ina mabilioni yake. Yaani ule ukumbi wa Aristotle, mantiki ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino aliitumia kupanga hoja zake, umo ndani ya kikaratasi cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya kidogo. Akili ya binadamu ni mfano wa Mungu, na hapa mfano huo umeandikwa kwenye mchanga.

Na huyu Thoma ana deni kwa mafundi wa kompyuta. Mwaka 1949 padre Mjesuiti kutoka Italia, Roberto Busa, alikwenda New York kumwona Thomas Watson, mkuu wa IBM. Alitaka mashine zao za kadi zimsaidie kupanga kila neno la maandiko ya Mtakatifu Thoma, maneno yapatayo milioni 11. Kazi ilichukua miaka kama 30. Leo mseminari akitafuta neno moja la Thoma kwenye intaneti na kulipata kwa sekunde, anakula jasho la padre yule na la mafundi na wasichana waliotoboa kadi ambao majina yao hatuyataji.

Turudi Tunduma. Mjomba ana hoja, na sitaki kumjibu kwa mahubiri matamu. Uhandisi wa kompyuta ni miaka minne migumu ya hesabu na fizikia. Ukimaliza, usitarajie kesho yake kubuni chipu. Kazi hiyo kwetu bado ni nadra sana. Wahitimu wengi wanaishia kwenye mitandao ya simu, benki, matengenezo, mifumo ya serikali. Kenya wameanza: kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kiwanda cha semikondakta. Nyeri ni mji wa kahawa mlimani. Mbozi nayo ni kahawa mlimani. Sisemi zaidi.

Lakini hoja ya "mpaka unalipa leo" ina shimo. Mpaka unalipa leo kwa sababu mtu mwingine, mahali pengine, jana alikaa miaka minne akisoma. Duka lote la mjomba, kuanzia mashine ya kuhesabia fedha hadi simu anayopokelea malipo, limesimama juu ya uvumilivu wa watu asiowajua. Wote tukikaa dukani, nani atakaa darasani? Binti, usikose kumwambia hivyo kwa heshima, na umwambie ukiwa unamsaidia kupanga mizigo, siyo ukiwa umekaa kwenye kochi na simu.

Na si lazima uende mbali. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipo Iyunga, kama kilomita 100 tu kutoka Tunduma, na uhandisi wa kompyuta unafundishwa. Dar es Salaam kuna DIT na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliyeishia kidato cha nne akiwa na ufaulu wa sayansi anaweza kuanzia ngazi ya cheti na stashahada. VETA nao wanafundisha elektroniki. Bodi ya Mikopo ipo; fomu zake jaza mapema, hakiki cheti cha kuzaliwa, usingoje wiki ya mwisho ukaanza kusali novena ya mtandao usikwame.

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo zito. Ukishaujua ufundi huu, jaribu lako halitakuwa uvivu. Litakuwa lile la mteja anayekuachia kompyuta yake na kuondoka. Yeye hajui RAM ni nini. Ukimtolea ya gigabaiti 8 ukamwekea ya 4, ataondoka akikushukuru. Simu iliyoletwa "kufunguliwa" usiku, yenye picha za watoto wa mtu mwingine, utaijua ni ya wizi kabla hujaiwasha. Waya wa shaba unaouzwa kwa kilo nao utajua umekatwa wapi. Amri ya saba haina kifungu cha kumsamehe fundi kwa vile mteja haelewi. Kadiri unavyojua zaidi kuliko jirani yako, ndivyo anavyokuwa mikononi mwako zaidi, kama mgonjwa mbele ya daktari. Ukishindwa hapo, shahada yako imeongeza mwizi mmoja msomi.

Na kuna jirani wa mbali zaidi. Sehemu ya kobalti ya Kongo inachimbwa kwa mikono, na watoto wamekutwa mashimoni. Papa Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 alikemea kwa ukali wanaoifanya Kongo na Afrika kuwa shamba la kuvunwa tu. Sisi wa Tunduma hatuwezi kusema hatujui. Yale malori tunayaona, wengine tunawauzia madereva chai. Sikuambii uache kutumia simu. Nakuambia kwamba mhandisi anayejua kurefusha maisha ya kompyuta moja kwa miaka mitano, anayetengeneza badala ya kutupa, anapunguza kitu fulani kwenye shimo lile. Pier Giorgio Frassati alichagua kusomea uhandisi wa madini kule Torino ili awe karibu na wachimbaji na kumtumikia Kristo kati yao. Alikufa mwaka 1925, umri miaka 24, kabla ya kupata shahada. Alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, siku moja na Carlo Acutis, yule kijana wa kompyuta. Mmoja wa mgodini, mmoja wa kompyuta: ukisimama Tunduma unaona barabara inayowaunganisha.

Kuhusu sala. Utaniambia, "Frateri, nikiwa na mitihani ya saketi nitasali saa ngapi?" Soma Yoshua bin Sira 38, kuanzia aya ya 24. Sira alikuwa msomi, na kwa kweli ni kama anawashusha mafundi: hawaitwi barazani, hawakai kiti cha hakimu. Lakini anawatazama vizuri. Anamwona mhunzi mbele ya moto, mvuke unamchoma mwili, kelele za nyundo zimejaa masikioni, macho yamekazwa kwenye kielelezo. Mtu yeyote aliyewahi kuinama juu ya bodi na pasi ya kuchomelea, moshi wa risasi ukimpanda puani, anamjua mtu huyo. Mwishoni Sira anakiri kwamba pasipo hao mji haukaliki, na kwamba sala yao imo katika kazi yao. Hakusema wasisali. Jumapili ni Jumapili, na jumuiya ndogo ndogo inakungoja hata ukiwa chuo. Amesema kwamba ule umakini wa macho yaliyokazwa, ukimpa Mungu, anaupokea.

Lile la Bezaleli kufundisha sijalisahau. Usingoje shahada. VIWAWA na TYCS parokiani mna vijana ambao hawajawahi kuona ndani ya kompyuta. Tafuta moja iliyokufa, kila parokia ina moja kwenye stoo, ifungueni Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Betri msiichokonoe.

Na tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambayo Papa Pius XII aliiweka mwaka 1955, Kanisa lina baraka kwa ajili ya zana za kazi. Tumezoea majembe na mbegu. Beba bisibisi zako na multimita, uziweke miguuni pa altare pamoja na majembe ya wengine. Ila muone paroko siku moja kabla, asije akadhani ni mafundi umeme wamekuja kutengeneza spika.