Askari Aliyerudi Vitani na Mbwa Aliyeokotwa

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, na ijulikane ya kwamba limezuka katika zama hizi suala ambalo wazee wa zamani hawakuulizwa kwa sura hii. Huko Marekani askari wengi walirudi kutoka vita vya Iraki na Afghanistani wakiwa na viungo vyao vyote, lakini nyoyo zao hazikurudi nazo. Usingizi wao ni vitisho; mlango ukibamizwa huruka kama waliopigwa risasi; na wengine hujitenga hata na wake zao. Basi wakatokea watu wakakusanya mbwa waliotupwa, wakawafundisha, kisha wakampa askari mbwa wake. Miongoni mwa vyama hivyo ni K9s For Warriors cha Florida, kilichoanzishwa mwaka 2011. Mbwa hufundishwa kumwamsha bwana wake anaposhikwa na ndoto mbaya, na kusimama nyuma yake penye msongamano ili asishituke. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ikatunga sheria ya kuwasaidia askari kwa njia ya mbwa, na mwaka 2024 ukachapishwa uchunguzi juu ya askari 156, ikaonekana ya kwamba waliopewa mbwa dhiki yao ilikuwa nyepesi kuliko ya wale waliokuwa wakingojea zamu.

Msomaji wa pwani akisikia haya aweza kucheka, akasema: hayo ni mambo ya Wazungu. Asifanye haraka. Nchi hii nayo ilipeleka watoto wake vitani. Wako waliofika Burma mwaka 1944, wale walioitwa Keya. Na majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, walitoka askari na mgambo kwa maelfu, na Kampala ikaanguka mwezi wa Aprili 1979. Ushindi ukawa wa nchi nzima. Ndoto za usiku zikabaki kwa mtu mmoja mmoja.

Na achukuliwe mtu kwa mfano tu, si kwa khabari ya mtu maalumu: mzee Mwislamu aliyepigana Kagera, akaaye Ruaha Mbuyuni, kwenye njia kuu itokayo Dar es Salaam, karibu na mto Ruaha Mkuu, kabla ya kupanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa. Mahali pale ni pa mibuyu na mashamba ya vitunguu, na malori hupita usiku. Kila lori linapofunga breki kwa ghafula, mzee huyu yuko tena vitani. Siku moja akaokota mbwa koko aliyevunjwa mguu barabarani, akamfunga ule mguu, akampa uji. Tangu hapo mbwa hulala nje ya kizingiti chake, na mzee anapopiga ukelele usingizini, mbwa hubweka hata aamke. Je, mzee huyu ni mwenye dhambi?

Jawabu la haraka lajulikana na kila mtoto wa chuoni. Mbwa ni najisi nzito katika madhehebu ya Imamu Shafi'i. Imepokewa kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba mwenye kufuga mbwa asiye wa mifugo, wala wa kuwinda, wala wa shamba, hupunguziwa thawabu zake kila siku. Hadithi hizi ni sahihi, wala hapana wa kuzigeuza. Lakini mwenye kuishia hapo amesoma nusu ya mlango. Imamu Nawawi, akiisherehesha Sahihi ya Muslim, alitaja khitilafu ya kufuga mbwa wa kulinda nyumba na njia, jambo lisilotajwa katika yale matatu, naye akaipa nguvu kauli ya kujuzu kwa kiyasi, kwani sababu ifahamikayo katika hadithi ni haja. Basi neno zima limesimama juu ya haja. Mchungaji ana haja kwa sababu chui atakula mbuzi. Mkulima ana haja kwa sababu nyani watamaliza mahindi. Na wanavyuoni wamehesabu akili, pamoja na dini, nafsi, nasaba na mali, katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi. Ni ajabu basi kumruhusu mtu mbwa kwa ajili ya mbuzi wake, na kumkataza kwa ajili ya akili yake.

Hapa mwenye fikra atapinga, na upinzani wake si mdogo: mlango huu ukifunguliwa, kila mtu atasema ana upweke, na miji ya pwani itajaa mbwa wa kubembelezwa, walalao vitandani. Ni kweli, na ndiyo maana haja haichanganywi na matamanio. Mwenye kufuga kwa fahari au kwa kuiga hana hoja. Alama ya haja ni kwamba ikiondolewa hutokea madhara, na haikupatikana dawa iliyo nyepesi kuliko hiyo.

Na papo hapo ndipo penye lawama, wala si ya mzee. Dawa nyepesi ilikuwapo, nayo ni jirani. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na ugonjwa wa moyo ni ugonjwa. Lau jamaa wa msikitini wangalimfikia baada ya Isha, wakakaa naye barazani, wakamsikiliza khabari za vita bila ya kumkatiza, huenda asingalihitaji mbwa. Hawakwenda. Walipomwona na mbwa ndipo walipokwenda, tena kwa kumkemea! Aliyemnyima mgonjwa uso wake, kisha akamnyang'anya mnyama wake, amemdhulumu mara mbili.

Ama tohara ya mzee si ngumu kama idhaniwavyo. (Wafuasi wa Imamu Malik humwona mbwa kuwa tohara, lakini hapana haja ya kuhama madhehebu kwa jambo hili.) Kikavu kikigusa kikavu hakinajisi, kinachonajisi ni mate na kila unyevu. Amwekee mbwa chombo chake mbali na vyombo vya nyumba, na kanzu ya kuswalia itundikwe juu. Akilambwa mkono, na aoshe mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na udongo Ruaha Mbuyuni hautafutwi. Khattabi alisema malaika hawazuiwi na mbwa aliyeruhusiwa; Nawawi akaona neno la hadithi ni la kila mbwa. Basi kwa tahadhari alale nje kama alalavyo. Na amchanje kichaa cha mbwa, kwani asiyechanja amewaweka watoto wa jirani hatarini.

Wala mbwa huyu asidhaniwe hana haki. Mbwa wa watu wa Pangoni ametajwa katika Sura ya Al-Kahf, naye yuko kizingitini. Mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa. Na katika fikihi ya Kishafi'i, msafiri mwenye maji machache aliye na mbwa wa manufaa mwenye kiu, humpa mbwa maji yale, naye akatayamamu.

Mzee akifa, mbwa hauziwi, kwani thamani ya mbwa imekatazwa. Lakini haki ya kumtumia huwahamia warithi, nao waweza kumpa bure mwenye haja kama ile. Katika kijiji kilichopeleka askari zaidi ya mmoja, si vigumu kumpata.