Kushuka si Kuanguka: Mpanda Ngazi na Mlima Ulio Chini ya Ardhi

Methali «mpanda ngazi hushuka» imegeuzwa, katika mitaa ya Temeke na Kinondoni kama kwingineko, kuwa kijembe cha kumrushia mwenye cheo au jirani aliyeanza kujenga ghorofa, na mara nyingi husemwa kwa raha ya mtu anayengoja kusikia kishindo. Matumizi hayo yana kosa la lugha kabla ya kuwa na kosa la maadili, kwa sababu wahenga hawakusema kwamba mpanda ngazi huanguka. Kuanguka humpata mtu. Kushuka hukufanya mwenyewe, kwa miguu yake, kipago kwa kipago. Kiambishi hu-, ambacho huonyesha mazoea, hapa hakitishi wala hakiweki siku, bali kinaeleza desturi ya ngazi yenyewe, kwamba fundi aliyepanda kupaua nyumba hana budi kurudi chini, ambako ndiko anakoishi.

Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika uaguzi wa Kichina unaotegemea Yi Jing, yaani Kitabu cha Mabadiliko, ambamo mwaguzi hurusha sarafu tatu mara sita, au huhesabu vijiti, akapata umbo la mistari sita inayopangwa kutoka chini kwenda juu, kila mmoja ukiwa mzima au umekatika katikati. Maumbo hayo ni 64, na msomaji wa pwani hatayaona mageni sana, kwani ramli nayo hujengwa kwa nukta moja au mbili katika safu nne, zikatoka alama 16. Umbo la 15 la Wachina huitwa Qian, maana yake unyenyekevu, nalo huweka alama ya ardhi juu na alama ya mlima chini yake. Hulifuata umbo la 14, ambalo ni la wingi wa mali, na wafasiri wengi wamelisifu kuwa halina hata mstari mmoja wenye nuksi.

Mlima huo haukuporomoka. Umebaki na kimo chake chote, ila umekaa chini ya kitu ambacho kila mpita njia hukikanyaga. Mafafanuzi ya kale hulihusisha umbo hilo na kupunguza palipozidi, kuongeza palipopungua na kugawa kwa mizani, kwa hiyo unyenyekevu hupimwa kwa mgawo, si kwa sauti ya upole. Na hapo ndipo unapoumbuka unyenyekevu wa siku hizi, wa kuinamisha kichwa mbele ya kamera huku kiganja kikiwa kimefumbwa. Wala unyenyekevu wa kweli si unyonge, maana mistari miwili ya juu ya Qian inaruhusu hata jeshi litumike, na mpangaji anayenyamaza akidhulumiwa hajawa mnyenyekevu kwa kunyamaza kwake. Mabango ya waganga yaliyopigiliwa kwenye nguzo za umeme huahidi kusafisha nyota na kuleta cheo. Mteja wa kuulizia namna ya kushuka, inaelekea, hajapatikana.

Hata hivyo nchi hii imewahi kumwona mshukaji. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, ili aende kukijenga chama cha TANU. Na mwaka 1985 akaacha urais, tendo lililokipa Kiswahili neno kung'atuka, kana kwamba kushuka kwa hiari kulikuwa jambo lisilo na jina, ilhali methali ilikuwa nalo siku zote. Wapo wanaokumbusha kwamba aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na ukumbusho huo ni wa haki, ila hauivunji methali: anayeshuka ngazi huachia kipago cha juu mkono wake mwingine ukiwa bado umeshika cha chini yake.