Uwezo wa Joto na Swali la Asili ya Vitu

Iwapo tofauti zinazoonekana kati ya vitu zimo ndani ya vitu vyenyewe, au zinatokana na kipimo kinachotumiwa kuvilinganisha, ni swali la kale katika falsafa, na fizikia ya metali hulipatia mfano ulio wazi. Katika jiko la Ekerenyo, kwenye Kaunti ya Nyamira, sufuria ya alumini inayopikiwa ugali na jembe la chuma lililoegemezwa ukutani vyote ni vya metali, lakini havipokei joto kwa kiasi kimoja. Uwezo mahususi wa joto, yaani nishati inayohitajika ili kupandisha joto la kilo moja ya kitu kwa digrii moja ya sentigredi, ni takriban jouli 900 kwa alumini, 450 kwa chuma na 130 kwa risasi. Kwa hiyo kilo ya alumini hudai nishati maradufu ya kilo ya chuma, na karibu mara saba ya kilo ya risasi.

Anayeishia hapo atahitimisha kwamba metali hizi zimetofautiana kwa maumbile. Hata hivyo, mwaka 1819 Wafaransa Pierre Louis Dulong na Alexis Thérèse Petit walibainisha kwamba zikilinganishwa kwa idadi ya atomi, yaani chembe ndogo zinazounda kila elementi, badala ya uzito, tofauti hiyo karibu hutoweka, kwani atomi za risasi ni nzito na ni chache zaidi katika kilo moja.

Haimaanishi kwamba kilo ni kipimo cha uongo, maana mpishi hununua sufuria na kuni, wala hahesabu atomi. Usawa wa atomi nao una mipaka: katika baridi kali mno uwezo wa joto hupungua hadi kukaribia sifuri, na mwaka 1907 Albert Einstein alieleza kwamba atomi hupokea nishati kwa mafungu maalumu, ambayo baridi hiyo haiwezi kuyatoa.

Basi asili ya kitu hujulikana kwa namna kinavyoitikia katika hali fulani, ingawa mwitiko wenyewe hautegemei matakwa ya mpimaji, ambaye huchagua swali lakini hachagui jibu. Kwa sababu hiyo, anayetamka kwamba kitu kimoja kimekizidi kingine, au mtu mmoja mwenzake, anawajibika kutaja kwanza kipimo alichotumia na hali aliyopimia.